Riwaya zinazomfanya Shiva binadamu: nianzie wapi?

Mlalavitabu: Wakuu habari zenu. Natafuta riwaya za Kihindi ambamo miungu ni watu kabisa: wanatoka jasho, wanakosea, wanakufa. Nasikia Amish Tripathi ana vitabu vitatu vya Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu. Nivisome kwa mpangilio gani? Na asiyejua Mahabharata, ule utenzi mkubwa wa kale wa India, hatapotea?

Korosho: Anza na The Immortals of Meluha (2010), halafu The Secret of the Nagas (2011), umalizie na The Oath of the Vayuputras (2013). Usiruke hata kimoja, maana hadithi ni moja iliyokatwa vipande. Cha kwanza kinakuacha shambulio ndiyo kwanza linaanza. Shiva humo ni chifu wa kabila la Guna kule Tibet, mwaka 1900 K.K., mcheza ngoma na mvuta bangi (neno tulilolitoa hukohuko India). Meluha ni nchi ya bonde la Indus. Mahabharata huihitaji hapa.

Bahari_Shamu: Naongezea jambo moja, ndilo lenye utamu wote. Kwenye Purana, vitabu vya kale vya visa vya miungu, miungu na mahasimu wao asura wanakoroga bahari wapate amrita, kinywaji cha uzima. Kabla ya amrita inatoka halahala, sumu ya kuangamiza dunia. Shiva anaimeza, inamkwama kooni, koo linageuka bluu. Kwenye riwaya anakaribishwa Meluha kama mhamiaji yeyote, anapewa Somras, dawa ya kurefusha maisha. Usiku anatokwa jasho, koo linakuwa baridi, kisha linageuka bluu. Muujiza umekuwa dawa na mwili.

Anayechukia kusimuliwa mwisho aishie hapa. Baadaye inajulikana kwamba taka za Somras humwagwa mto Tsangpo, na Tsangpo ndio huohuo Brahmaputra ukishashuka. Watu wa Branga, walioko chini, wanaugua. Amrita na halahala zimetoka chungu kimoja, kama kwenye Purana! Kasoro yake ni mazungumzo: watu wa 1900 K.K. wanaongea kama wanachuo wa leo.

Mlalavitabu: Shukrani. Kwa hiyo nikivimaliza nitakuwa nimeijua dini yao?

Korosho: Hapana mkuu, hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kwa Amish, "Mahadev" (jina la sifa la Shiva) na "Vishnu" (mungu mkuu mwingine) ni vyeo wanavyopewa watu, na mfalme Ram alishika cha Vishnu akiwa wa saba. Kwa waumini, Ram ni Vishnu mwenyewe aliyeshuka duniani kwa umbo la mtu, yaani avatar, wa saba. Ganesh naye, mwana wa mke wa Shiva: Purana inasema alikatwa kichwa akawekewa cha tembo, riwayani amezaliwa na ulemavu wa uso, akalelewa na Wanaga, watu waliozaliwa na ulemavu kama wake. Ukikutana na jambo la namna hiyo, tafuta kisa cha asili kabla ya kubishana na mtu.

Bahari_Shamu: Ukitaka kazi nzito zaidi, tafuta tafsiri za Kiingereza za Parva ya S. L. Bhyrappa (Kikannada, 1979) na Randamoozham ya M. T. Vasudevan Nair (Kimalayalam, 1984). Parva imefuta miujiza yote. Hata miungu waliozaa na Kunti, mama wa mashujaa wa Mahabharata, ni watu wa milimani Himalaya. Randamoozham inamfuata Bhima, mmoja wa wana hao wa Kunti, anayejiona mwana wa upepo mpaka mama yake anapomwambia baba yake alikuwa mtu wa msituni. Hizi ndizo zinazohitaji Mahabharata. Shika angalau ndugu watano, mke wao mmoja Draupadi, mchezo wa dadu uliowanyang'anya ufalme, na vita vya siku 18 pale Kurukshetra. Bila hivyo, kurasa za mwanzo za Parva zitakuchosha kwa majina tu.