Mashine ya umeme ya kurusha theluji: ya waya au ya betri, ipi salama zaidi kwa mgeni?

Mgeni_wa_Koleo
Habari zenu wakuu. Koleo limeshanimaliza mgongo, msimu huu nataka mashine. Njia yangu ya gari imesakafiwa sehemu kubwa, ila kipande cha mwisho ni kokoto. Petroli na moshi wake sitaki, kwa hiyo ni umeme. Niko njia panda kati ya waya na betri. Bei niachieni mwenyewe, nauliza usalama tu. Sijawahi kuishika hata siku moja.

FundiSoketi
Mkuu, ya waya ina sifa ambayo watu hawaisemi: ukichomoa plagi imekufa, na kufa kwake unakuona kwa macho. Mtihani ni waya wenyewe. Tafuta ekstensheni ya kutumika nje, ambayo ganda lake halikakamai kwenye baridi. Ile ya sebuleni itapasuka. Tena iwe nene. Mashine nyingi za aina hii hula wati 1,500 hadi 1,800. Waya mwembamba wa mita 30 utapata joto, umeme utafika umepungua, na mota itahangaika mpaka iungue. Usiunge ekstensheni mbili. Na soketi iwe na kinga inayokata umeme ukivuja: Ulaya kinga ya kawaida hukata kwenye miliampea 30, Marekani ni kama 5. Usiguse mashine kabla hujaibonyeza ile kinga na kuona kweli inakata.

BiKipupwe
Naongezea kwa Fundi. Anzia karibu na soketi, uende ukiiacha nyuma, na theluji uirushie upande usio na waya. Kwenye mpini huwa kuna ndoano ya kushikia waya, itumie. Na tafadhali usinunue waya mweupe 😂

Lithiamu
Mimi ni betri tu. Waya uliofukiwa na theluji mbele ya mapanga yanayozunguka, hapana asante. Ila betri nayo ina masharti. Baridi huipunguzia nguvu, kwa hiyo ikae ndani mpaka unapotoka. Ukirudi usikimbilie kuichaji: iache kwanza ipate joto la chumba. Betri ya lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi 0, metali hujikusanya ndani yake, inaharibika, na inaweza hata kupiga shoti. Chaja nzuri hukataa yenyewe, lakini usiitegemee.

FundiSoketi
Sibishi. Ila nionyeshe mtu wa betri anayechomoa betri kila mdomo wa mashine unapoziba.

MamaPacha
Fundi umegusa penyewe. Hapo ndipo vidole vinapokwenda, iwe waya iwe betri. Theluji nzito yenye maji hukwama kwenye bomba la kutupia. Mtu anaachia kishikio, mota inanyamaza, anaingiza mkono. Ya petroli walau inanguruma, inakukumbusha kuwa iko hai. Ya umeme imesimama kimya kama meza, na kumbe betri iko mahali pake, mguso mmoja wa kishikio inaamka.

Kuna na lingine ambalo wengi hawalijui: hata ikiwa imezimwa, mapanga yaliyobanwa na donge la theluji yanaweza kubaki na nguvu iliyokwama ndani yake. Ukiliondoa donge, yanageuka ghafla. Kwa hiyo achia kishikio, subiri mapanga yasimame kabisa, chomoa plagi, au betri pamoja na ufunguo wa usalama (ule ambao bila huo mashine haiwaki). Baada ya hapo ndipo unazibua, na unazibua kwa kijiti, si kwa mkono. Mashine nyingi huja na kijiti chake cha plastiki. Glavu nene haikingi chochote, hunaswa tu na kuvuta mkono. Na anayefunga kishikio kwa kamba ili asichoke vidole, huyo sina la kumwambia.

Mgeni_wa_Koleo
Duh. Na zile kokoto je?

BiKipupwe
Hapo suala si waya wala betri, ni hatua moja au mbili. Ya hatua moja hurusha theluji kwa mapanga yenyewe; yana raba na hukwangua chini kabisa, na kila jiwe linaloguswa linaruka na theluji. Ya hatua mbili ina feni nyuma ya mapanga ndiyo inayorusha, na vile viatu vyake vya pembeni (vipande vinavyoteleza chini) unaviteremsha ili mdomo uinuke juu ya kokoto. Kama ni kipande kifupi, kimalizie kwa koleo. Bomba usilielekeze kwa watu, magari wala madirisha, hata kwenye sakafu safi.

Babu_Mteremko
Kama kuna mwinamo, panda na ushuke nao, usiukate kwa ubavu. Buti zenye meno, miwani ya kinga, ncha za skafu ndani ya koti. Watoto wabaki ndani.

Mgeni_wa_Koleo
Shukrani wote. Nachukua betri ya hatua moja, kokoto naziachia koleo. Huo ufunguo wa usalama unawekwa wapi baada ya kazi?

MamaPacha
Usiuache kwenye mashine. Uweke juu, watoto wasikofika. Lakini kabla ya kuuchomoa, iache izunguke tupu kidogo ipukute theluji iliyobaki, la sivyo kesho utakuta mapanga yameganda.