Mjadala: Kipimo cha mchochota wa mishipa kije Mtwara, au presha kwanza?

Kijana wa Shangani: Wakuu, baba mdogo wa Tandahimba kapata kiharusi. Kikombe cha chai kilimtoka mkono wa kulia, tukacheka tukidhani utani. CT Scan ya mishipa inaonyesha mshipa ulivyobana, lakini mafuta yaliyoganda ukutani mwa mshipa, yale yanayopasuka mara nyingi si yale yaliyobana zaidi, ni yale yenye mchochota (inflamesheni, kinga ya mwili ikiwaka) ndani. Sasa kuna kontrasti, yaani dawa za kufanya kitu kionekane kwenye picha, za kuunasa huo mchochota: chembe ndogo mno za chuma unadungwa, seli za kinga zilizojazana kwenye yale mafuta zinazimeza, picha ya MRI inatoa doa jeusi. Kwa nini hospitali ya kanda pale Mitengo isiandaliwe kwa hili?

Nesi wa Newala: Pole sana kaka. Picha hiyo hupigwa mara mbili, kabla ya dawa na tena baada ya siku moja au zaidi. Mtu wa Nanyumbu atalala wapi? Na hayo bado ni mambo ya utafiti. Doa likionekana, ataandikiwa statini (dawa ya kushusha kolesteroli) ileile ambayo angeandikiwa kwa kupima kolesteroli tu. Mzee presha alipima lini?

Kijana wa Shangani: Dawa za presha alikuwa nazo dada. Kaziacha mwenyewe, eti hasikii chochote. Angeliona hilo doa kwenye mshipa wake wa shingo asingeacha.

Mzee wa Mikindani: Kijana ana hoja. Utafiti wa CANTOS wa 2017, wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo, ulionyesha kutuliza mchochota bila kugusa kolesteroli kunapunguza mashambulio mapya. Ila maambukizi ya kuua nayo yaliongezeka kidogo, na dawa yenyewe bei yake si ya mkulima wa korosho. Halafu tuwe waangalifu na kontrasti: tangu 2006 gadoliniamu za aina fulani, kontrasti nyingine za MRI, zinajulikana kukakamaza ngozi za wenye figo mbovu, na presha ndiyo inayokula figo.

Nesi wa Newala: Shikamoo mzee. Kaka, mimi namba za presha nawaandikia nyuma ya risiti ya AMCOS (ushirika wa wakulima), karatasi ambayo hakuna anayeitupa. Juzi bibi mmoja kaniletea tatu: 180, 165, 150. Akaniuliza ya leo ngapi.

Kijana wa Shangani: Hiyo ya risiti nimeichukua dada. Mitengo bado naidai.

Mzee wa Mikindani: Mgonjwa anaendeleaje?

Kijana wa Shangani: Chai anakunywa. Kwa mkono wa kushoto.