Redio ya mkononi ya bei chee: nitajuaje kama inafaa, na naiprogramu vipi?

Mwl_Lushoto

Habari za humu wakuu, na walionizidi umri shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa fizikia kwenye sekondari moja huku Lushoto. Ndugu yangu alikuwa na safari ya Dar, nikamwagiza Kariakoo redio ya upepo ya mkononi, akaniletea Baofeng UV-5R. Kwenye boksi kuna redio, betri, chaja ya kusimamishia, antena fupi nene, kifaa cha sikioni na kijitabu chenye Kiingereza cha kubahatisha. Kebo ya kompyuta tumeinunua mbali.

Sina leseni na sitaki kuongea na mtu. Nataka wanafunzi wa klabu ya sayansi wasikie kituo cha anga cha kimataifa, ISS, kikitupita. Doppler, yaani masafa kupanda chanzo kikija na kushuka kikiondoka, nawafundishia kwa king'ora cha gari la wagonjwa, na darasani wengi hawajawahi kusimama barabarani likawapita kwa kasi. Nikipata sauti inayotoka angani huku masafa yake yanateleza, nimemaliza mada.

Sasa, nitajuaje kama redio hii ni nzima na si makopo? Muziki wa FM inaleta safi kabisa. Betri imeandikwa 3800 mAh, redio imeandikwa 8W. Na nikichomeka kebo, CHIRP, programu ya kompyuta ya kupangia chaneli za redio, inaniambia redio haijajibu. Nimebadilisha matundu yote ya USB, wapi.

Kigoma_Mwisho_wa_Reli

Mwalimu, hilo ni toi la watoto. Uza, jichange, nunua Yaesu. Utanishukuru.

Fundi_Ngamiani

Marahaba mwalimu. Usiuze kitu.

Nimetengeneza redio za upepo za mashamba ya mkonge toka enzi za kristali, kila chaneli na kristali yake, ukitaka kuhama masafa unafungua kifuniko. Kwa hiyo mtu akiniambia redio yenye chaneli 128 unazozipanga mwenyewe sebuleni ni toi, namwachia toi lake. Lakini na wewe usiisifu bado, maana umeipima pasipo pimo.

Muziki wa FM haukwambii chochote. Ndani ya UV-5R sehemu ya kupokelea FM ya matangazo ni chipu ya peke yake. Ile inayofanya kazi unayoitaka wewe, megahezi 136 hadi 174 na 400 na kitu kwenda juu, ni chipu nyingine, RDA1846, ambayo karibu redio nzima imo humo. Ndiyo sababu ya bei yake, na ndiyo sababu ya udhaifu wake: mlangoni haina vichujio vya maana. Ukiwa mjini chini ya mnara wa redio inakuwa kama mtu anayesikiliza mnong'ono huku ngoma inapigwa kizingitini. Huko kwenu milimani una bahati.

Kipimo chake ni hiki. Tafuta mawimbi hafifu yanayosikika kwa shida ukitumia antena ya boksini. Kisha weka antena kubwa zaidi. Yakisikika vizuri zaidi, redio yako iko sawa mahali hapo. Yakififia au yakipotea kabisa, imezidiwa, na antena kubwa ndiyo inayoizidi. Usiangalie vile vijiti vya nguvu ya mawimbi kwenye kioo. Kwenye redio hii vinajaa vyote au havipo, ni pambo.

Hiyo 8W isikupe presha, na hata hivyo wewe hurushi. UV-5R ya kawaida ni wati 4 hivi juu na 1 chini. Betri nayo: ile ya kawaida ni volti 7.4, 1800 mAh. Ya 3800 ipo kweli, ila ni ndefu, inashuka chini kupita kiuno cha redio. Kama yako ni fupi, haishuki hivyo, na imeandikwa 3800, basi hiyo ni 1800 iliyopakwa wino. Itafanya kazi, iache.

Sasa kebo. Mambo mawili tu. La kwanza, plagi yenye pini mbili haijaingia mpaka mwisho. Ganda la redio huizuia, unadhani imefika kumbe bado nusu milimita. Zima redio, sukuma kwa nguvu mpaka uisikie ikikaa, washa, ongeza sauti kidogo, ndipo umwamuru CHIRP asome. La pili ni chipu ndani ya kebo. Nyingi za bei hii zina chipu ya kuigiza ya kampuni ya Prolific, na draiva mpya ya Windows inaitambua na kuikataa. Fungua orodha ya vifaa vya kompyuta. Ukiona alama ya njano na maneno ya kukutaka uwasiliane na aliyekuuzia, jibu ni hilo. Rudisha draiva ya zamani, au azima kompyuta ya Linux, huko kebo hizo hufanya kazi bila maswali. Tundu la USB-C kwenye betri, kama lipo, ni la kuchajia tu. Usihangaike nalo.

Halafu zima redio, shikilia namba 3, uiwashe. Itaandika toleo la programu yake ya ndani. Tuandikie hapa, kwa sababu redio nyingi zinafanana sura na ndani ni tofauti, na CHIRP lazima umchagulie iliyo sahihi.

Binti_Pangani_Houston

Shikamoo Mzee Fundi, mwalimu habari yako.

Mimi niko Marekani, hii ndiyo redio yangu ya kwanza baada ya mtihani wa leseni ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huku. Ule wa kuanzia ni maswali 35, unatakiwa upate 26. Naongezea moja tu: mwalimu ajifunze pia kuiprogramu kwa vidole. Huku kimbunga kikipita umeme unakatika, kompyuta haina chaji, na mtu hajui hata kuongeza ripita moja, yaani kituo kinachopokea sauti kwa masafa fulani na kuirusha tena kwa mengine. Menyu 25 upande wa kuhamia, 26 kiasi cha kuhama, 13 toni ya kurushia, ule mlio mdogo unaoifungua ripita, 27 kuhifadhi. Unahifadhi mara mbili, masafa ya kusikilizia kwanza, kisha ya kurushia, kwenye namba ileile. Na namba iwe tupu, kama ina kitu ufute kwanza kwa menyu 28, la sivyo inakudanganya kuwa imehifadhi.

Fundi_Ngamiani

Marahaba binti. Kwa wewe mwenye leseni na ripita kila mtaa, sawa. Mwalimu hana ripita wala leseni, na kuna jambo ambalo vidole havitampa. Nalifikia hapo chini.

Mwl_Lushoto

Mzee, ilikuwa kebo! Haikuwa imeingia. Imesoma. Toleo linasema HN5RV na namba mbele yake. Nimeona orodha ya chaneli za kiwandani, sijui ni za nani. Nizifute?

Na hilo la 3800, betri ni fupi. Wino mtupu.

Fundi_Ngamiani

Kabla hujagusa kitu, hifadhi faili hilo kama lilivyosomwa, ulipe jina la "asili", na nakala nyingine uweke kwenye flashi. Siku redio ikichanganyikiwa ndilo litakaloirudisha. Faili la rafiki yako mwenye redio "kama hii" usilipakie hata akikuapia.

Kisha ndiyo, futa chaneli za kiwandani zote. Zimewekwa kujaribia mitambo, na hapa kwetu masafa hayo yana wenyewe: walinzi, makampuni, pengine polisi. Mwanafunzi akibonyeza kitufe cha pembeni umeingia kwenye mazungumzo ya watu, na anayetoa ruhusa ya kurusha Tanzania ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Jambo lenyewe sasa. Kwenye CHIRP kuna safu inaitwa Duplex. Watu huijua kwa alama za kujumlisha na kutoa, za ripita. Ndani yake kuna chaguo "off". Ukiliweka, chaneli hiyo inapokea tu. Kitufe kikibonywa hairushi. Weka "off" kwenye kila mstari. Kisha redio ikae upande wa chaneli, na kile kitufe cha chungwa cha VFO/MR wanafunzi wasikiguse, kwa sababu upande wa masafa huru kizuizi hicho hakipo.

Chaneli zenyewe:

145.800, ndiyo sauti kuu ya ISS kushuka chini. Wanaanga wakiongea na shule mbalimbali kwa ARISS, mpango wa redio ya ridhaa (ya watu binafsi wenye leseni, si ya biashara) kituoni humo, majibu yao yanasikika hapa. Wakati mwingine hurusha picha kwa sauti za kuimba, na simu ya Android yenye programu ya Robot36 ikiwekwa karibu na spika inaichora.

145.825, pakiti za data. Utasikia mikwaruzo mifupi.

Na 437.800, ripita ya angani. Watu hurusha 145.990 wakiwa na toni ya 67.0, kituo kinawarudisha chini kwenye 437.800. Hapa ndipo somo lako lilipo. Kituo kinakimbia takriban kilomita 27,600 kwa saa, kwa hiyo kikija masafa yanapanda kama kilohezi 10, kikiondoka yanashuka kiasi hicho. Kwenye 145.800 ni kama tatu na nusu tu na redio haijali. Basi panga chaneli tano mfululizo: 437.810, 437.805, 437.800, 437.795, 437.790. Toni ya kupokelea usiweke. Mwanafunzi mmoja anashika redio na kushuka chaneli moja moja sauti inapoanza kukwaruza, mwingine anaandika saa ya kila badiliko. Wakichora hizo namba kwenye karatasi ya grafu watapata mteremko ulio mkali katikati, pale kituo kinapokuwa karibu nanyi zaidi.

Mipangilio mingine unaweza kuiweka kwa vidole, binti wa Houston atafurahi. Menyu 0, skwelchi, inayonyamazisha spika pasipo mawimbi ya kutosha, weka sifuri; utasikia mshindo wa hewa muda wote, uvumilie, la sivyo inakumezea mawimbi hafifu. Menyu 3, ya kubana betri, zima, maana redio husinzia na kukata mwanzo wa maneno. Menyu 7 zima, isiwe inaruka kati ya mstari wa juu na wa chini. Menyu 5 iwe WIDE. Ikianza kukutangazia namba kwa Kichina, menyu 14.

Antena: chukua waya wa umeme wa kawaida, sentimita 49, chuna ncha, izungushe kwenye shingo ya chuma pale antena inapofungwa, uachie uning'inie. Isiguse pini ya katikati. Hii ni robo ya wimbi la 145, na redio ya mkononi inakosa nusu ya antena, kawaida mwili wako ndio unaoziba pengo. Waya unaziba vizuri zaidi. Usielekeze ncha ya antena kwenye kituo, ncha haisikii kitu, kipe ubavu. Sauti ikififia zungusha mkono kama unageuza ufunguo.

Kigoma_Mwisho_wa_Reli

Haya mzee nimenyamaza. Ila ukweli usemwe, huku kwetu nimewahi kusikiliza 437.800 mara nyingi, kimya. Nani atarusha?

Fundi_Ngamiani

Umesema kweli, Afrika Mashariki tuko wachache. Lakini ripita hiyo iko juu kilomita 400 hivi, inaona kama kilomita 2,200 kila upande. Kwa hiyo usichague mpito wa juu kichwani. Chagua ule unaopita kusini, juu ya Malawi au Zambia: hapo kituo kinawaona watu wa Afrika Kusini na sisi kwa pamoja, na kule redio ya ridhaa ina watu wengi. Wao hujitaja kwa herufi ZS mwanzoni. Mpito wa kaskazini mashariki, baharini mkabala na Somalia, unaweza kukuletea Oman, A4. Utakuwa chini karibu na upeo wa macho, kwa hiyo Lushoto usibaki bondeni. Panda sehemu inayoona mbali upande huo.

Mwl_Lushoto

Irente basi, pale kwenye genge la mwamba, ingawa panaangalia zaidi kusini na magharibi. Wa kusini utatufaa. Naandaa faili leo usiku.

Fundi_Ngamiani

Irente safi. Watoto wakae mbali na ukingo, wote watakuwa wanatazama juu. Faili ukimaliza liweke hapa kabla ya kulipakia redioni, nilipitie safu ya Duplex mstari kwa mstari.