Nimeuziwa karatasi nikaambiwa mbao, sakafu yote imefura!!

Jamani naandika hapa mikono inanitetemeka kwa hasira. Mwezi wa pili nilikwenda Mombasa kutafuta floo ya lamineti ya chumba cha mamangu hapa Mkomani, Lamu, chumba cha chini, nyumba ya mawe ya zamani. Muuzaji aliniuliza mwenyewe inaenda wapi, nikamwambia Lamu, chini, kuta za matumbawe na chokaa, masika ikiingia ukuta watoa chumvi. Akanambia usijali ndugu yangu, hii ni AC4, maji haiyajui. Nikalipa 58,000 pamoja na fundi wake, boksi zikaletwa mpaka Mokowe, zikapanda boti, zikabebwa na punda, na siku ileile zimefika fundi akaanza kupanga.

Sasa mvua imenyesha wiki mbili tu. Katikati ya chumba zimeinuka kama mgongo wa ngamia, kwenye maungio zimevimba, mlango haufunguki mpaka uusukume na bega, na mamangu kashajikwaa mara mbili akiamka kuswali alfajiri. Mtu mzima yule, angevunjika nyonga je??

Nilichukua kipande kilichobaki nikakitia kwenye bakuli la maji usiku. Asubuhi kimefura kama andazi lililosahauliwa kwenye chai, ukikibonyeza kwa kidole chamong'onyoka, ungaunga mtupu. Kumbe ndani ni nyuzi za mbao zilizosagwa zikashindiliwa na gundi, juu yake karatasi iliyochapwa picha ya mbao, halafu ngozi ngumu ya plastiki basi. Na hiyo AC4 aliyonipigia kelele ni kipimo cha kuchakaa na kukwaruzika, yaani viatu na miguu ya viti, kuhusu maji haikwambii kitu!

Na fundi naye. Hakutandika nailoni ya kuzuia unyevu juu ya simiti, akazibana mpaka zikagusa ukuta pande zote nne. Karatasi ya maelezo nimeikuta mwenyewe ndani ya boksi baadaye, imeandikwa waziwazi ziache chumbani saa 48 zizoee hewa, acha milimita 10 ukutani zipate pa kutanukia. Hakuna hata moja alilofanya na hela yake kachukua yote.

Kinachoniuma zaidi, juu ya chumba hichohicho kuna sakafu ya chokaa juu ya boriti za mikoko, mimi nimezaliwa nimeikuta na haijainuka hata kidole. Mlango wa mbambakofi nao huvimba masika, lakini ule ni mbao kweli, unapigwa randa unaendelea na kazi. Hii utaipiga randa wapi, ukishatoa ile picha umebaki na unga.

Nimempigia simu muuzaji ananambia eti tulipiga deki na maji mengi. Wallahi mamangu anapangusa na kitambaa kilichokamuliwa!! Ameniharibia mpaka jina la mamangu.

Jumatatu napanda basi na kipande changu kwenye mfuko, risiti ninayo, nataka pesa zangu na nataka aniangalie machoni anambie tena maji haiyajui. Na kama kuna mwenye nyumba ya mawe hapa Lamu aliyeweka zile floo za SPC, za plastiki iliyochanganywa na unga wa mawe, chumba cha chini zikapita masika mbili, naomba aniambie ukweli, ukizibandua chini kukoje?