Nyie mnaotanua (mnaokwepa foleni kwa kupita pembeni ya lami) Uyole - Mwanjelwa hapa Mbeya, ile pembeni sio njia yenu!

Wakuu habari za muda huu. Nimelala kitandani, goti limevimba kama andazi, kwa hiyo leo nina muda wa kuandika mpaka nichoke. Mods naomba msiuunganishe huu na uzi wa malori maana hii ni kesi nyingine kabisa.

Mimi natembelea baiskeli. Sio zile za mazoezi ya jumapili na kofia ya plastiki, hapana, baiskeli ya kazi, Phoenix, keria nyuma na pampu nimeifunga kwa mpira. Nakaa Uyole kibarua changu kipo Mwanjelwa, mwaka wa sita huu.

Sasa juzi jumatatu asubuhi, baridi ile ya kukata masikio, foleni imeshika kuanzia Uyole inashuka Nane Nane huko. Mnaujua huu upanuzi wa njia nne Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29, vumbi, michepuko, vifusi, leo mnapita huku kesho mnapita kule, sawa hilo tunavumilia, barabara tunaitaka. Mimi nipo kushoto kabisa nje ya mstari mweupe, pale tunapopita sisi wa baiskeli, wanafunzi, wamama na ndoo zao, vijana wa mikokoteni. Mbele yangu kuna mama mmoja mtu mzima ana karai la parachichi kichwani. Nasikia honi nyuma. Kugeuka hivi, Hiace imechomoka kwenye foleni imetanua, tairi mbili kwenye lami mbili kwenye changarawe, halafu haiji taratibu, inakuja kama inawahi mochwari.

Tuende wapi? Kushoto mtaro, kulia malori yamepangana bampa kwa bampa. Mama akaruka mtaroni na karai lake, mimi nikawa nageuza hendo nimfuate, kioo chake cha pembeni kikanipiga bega, nikaenda chini na baiskeli juu yangu. Rimu ya mbele imekuwa namba nane. Parachichi zimetawanyika barabarani, nyingine zimesagwa na lori pale pale. Konda akachungulia dirishani mnajua kasema nini? "We mzee, baiskeli barabarani unatafuta nini?"

Mzee! Nina miaka 38.

Yule mama yupo mtaroni, kiwiko kinatoka damu, ananiuliza mimi "mwe, mwanangu, umeumia?" Nilitamani kulia wakuu, sio kwa maumivu.

Haya nimjibu konda leo kwa utulivu. Baiskeli imo kwenye Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ile ile inayokupa wewe leseni. Pale nje ya mstari ni sehemu ya mtembea kwa miguu na baiskeli, na gari likiharibika lijiegeshe. Sio njia ya tatu ya kuwahi abiria wa stendi ya Kabwe. Na mnajua kabisa kuwa ni kosa, msijitoe ufahamu, maana mkimuona trafiki mita mia mbele wote mnachomekea fasta mnanyoosha na mkono dirishani kuomba kama watoto wa sunday school.

Najua kuna atakayekuja kusema yule mama alipaswa kutembea kulia ayaone magari yanayokuja. Ni kweli ndivyo tulivyofundishwa shule. Ila kulia kwake siku hiyo kulikuwa na kifusi kirefu kuliko nyumba yangu, apite juu na karai kichwani? Na hao wa kulia nao wanatanuliwa na wanaotoka mjini, tofauti ni kwamba wao kifo wanakiona usoni.

Halafu kinachonichefua zaidi ni kwamba kutanua kwenyewe hakuwahishi mtu. Mnatanua mnafika kwenye kalavati, pembeni imeisha, inabidi mchomekee. Lori la kwenda Tunduma mpakani lina mzigo, jumla tani hamsini na kitu, linakanyaga breki ili lisiwasage, na likishasimama kwenye kilima kuondoka tena ni mpaka gia ya kwanza, linanguruma linatetemeka, nyuma yake foleni nzima imesimama. Halafu walioko nyuma wakiona foleni haisogei na wao wanatanua. Yaani foleni mnaitengeneza wenyewe halafu mnaikimbia kupitia migongoni mwetu.

Na hapa niwatetee madereva wa malori kidogo, najua mtanishambulia. Kwa miaka yote hii lori lililowahi kunisukuma nje ya lami ni moja tu, na hata hilo ni upepo, wale wa semi wakikupita kwa spidi upepo wake unakusukuma kwanza kisha unakuvuta kwenye tairi za tela, ukishajua unashika hendo kwa nguvu na kuinama. Wengi wakiniona kwenye mlima wanakaa nyuma yangu mpaka papanuke. Hawa jamaa wanajua kuwa tela linakata kona ndani kuliko kichwa, na kwamba mtu akiwa ubavuni kule kushoto hawamuoni, kwa hiyo wana woga. Woga mzuri. Ugonjwa upo kwenye hivi vigari vidogo, Hiace, Noah, na nyie wa IST zenu mnaojifungia vioo na mziki. Bajaji na boda sisemi, wale wanatanua mpaka kwenye foleni ya benki.

Makosa yangu nayasema mwenyewe kabla hamjaniwahi. Nilikaa karibu mwaka mzima natembea usiku bila taa wala rifrekta, na ukungu wa huku mnaujua, sijui aliyekuwa ananiona alikuwa nani zaidi ya Mungu. Nilibadilika siku nilipopanda boda nikamuona mwenzangu wa baiskeli tumeshamfikia ndio naona kitambaa cha shati lake. Gari likiwa spidi 50, ambayo ndio mwisho kwenye makazi, kwa sekunde moja linakula kama mita 14, mguu hata haujafika kwenye breki. Nikaenda kununua rifrekta kesho yake, bei ya soda mbili tatu. Lakini juzi ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, jua limetoka, nimevaa sweta jekundu. Hapo sina cha kujilaumu.

Namba za gari ninazo, nimeripoti, naambiwa nisubiri. Parachichi za mama tulichanga mimi na dereva mmoja wa lori aliyeshuka, Mzambia, hata kiswahili chake cha shida.

EDIT: Wanaouliza kama nimepona, bado nachechemea. Leo nimepita pale pale kwa miguu, nikawa nahesabu wanaotanua mpaka nafika kituoni. Kumi na saba, wawili ni gari za shule zimejaa watoto. Huyo wa kumi na saba alinipigia honi nimpishe.