Mjadala: Ni haki kuua iguana wa kijani milioni nzima?

Mzee wa Gati: Wakuu, kisiwa cha Grand Cayman kule Karibiani kina iguana wa bluu, mjusi wa mita moja na nusu asiyepatikana kwingine duniani. Mwaka 2002 porini walikadiriwa kubaki 10 hadi 25. Wakazalishwa, wakalelewa mpaka nyoka wasiwaweze, wakaachiwa. 2018 aliachiwa wa elfu moja. Mwaka huohuo serikali ikaanza kulipa watu waue iguana wa kijani, wageni pale kisiwani. Waliouawa wamepita milioni. Ni sawa?

Binti Kilosa: Milioni! Kosa lao nini, rangi?

Fundi Juma: Kosa lao kutaga. Wa kijani anaweza kutaga mayai hata 70, wa bluu akifika 20 ni sherehe. Wanamaliza majani, wanasambaza magonjwa. Ila vitoto vya bluu vinaliwa zaidi na paka wenu hao wazururaji.

Binti Kilosa: Paka WETU? Wangu wanalala ndani, na Karibiani hawajawahi kufika. Futa kauli.

Fundi Juma: Dada, wote husema wanalala ndani. Saa nane usiku nani anapiga kelele juu ya bati langu?

Chui Mpole: Paka akitoka panya wanaingia, na panya nao wanakula hivyo vitoto. Hapo Fundi umejibu nini?

Fundi Juma: Nimejibu bati.

Mzee wa Gati: Jamani, iguana.

Mlipa Kodi: Mijusi inalelewa, watu wanakosa maji. Kama vile vyura vya maporomoko ya Kihansi, Tanzania, vikapandishwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, Marekani!

Chui Mpole: Na vikarudi, mkuu. Porini vilikuwa vimeshatoweka. Maji yao yalichukuliwa na bwawa la umeme linalowasha hiyo simu unayotumia kulalamika.

Mlipa Kodi: Mimi natumia sola.

Binti Kilosa: Kule Cayman watetezi wa wanyama walikwenda mahakamani kupinga kuuawa paka wazururaji. Iguana wa kijani nani alimwekea wakili? Hapo ndipo penye swali.

Fundi Juma: Kwa hiyo sasa unakubali paka wauawe?

Binti Kilosa: Nimesema WAKILI. Soma, ndugu yangu.

Mzee wa Gati: Na magari je? Wa bluu hupenda kuota jua barabarani, wanakanyagwa.

Fundi Juma: Mzee, subiri kwanza. Dada hajasema paka wake ni wangapi.