Mzazi kachanika hadi msuli wa nyuma (3b): akandwe au asikandwe?

Mwana_Chake
Asalam aleikum. Nyumbani kuna mzazi wa siku ya tano, uzazi wa kwanza, mtoto kilo 4.1, alivutwa kwa vakyumu (kikombe cha kunyonya kichwa). Karatasi ya hospitali imeandikwa mchaniko wa msamba (hapo kati ya uke na njia ya haja kubwa) 3b, na kashonwa chumba cha upasuaji. Kapewa antibayotiki, laktulosi (dawa ya kulainisha choo) na miadi ya wiki ya sita. Bibi keshateleka maji, anataka amkande, amkalishe juu ya mvuke, na mkaja ufungwe leo leo. Mzazi mwenyewe hajenda haja kubwa tangu azae, anaogopa nyuzi zitaachia. Jengine: mdogo wake ana mimba ya wiki 33. Afanye nini mapema lisimfike na yeye?

Mkunga_Wete
Waaleikum salaam. Tuanze na hiyo 3b. Daraja la 1 ni ngozi tu, la 2 ni ngozi na misuli ya msamba. La 3 limefika kwenye msuli unaofunga njia ya haja kubwa: 3a ni chini ya nusu ya unene wa msuli wa nje, 3b ni zaidi ya nusu, 3c na msuli wa ndani umo. La 4 limepasua mpaka utando wa ndani wa njia yenyewe. Kwa hiyo huyo msuli wa ndani umesalimika, na ameshonwa panapostahiki.

Choo ndiyo kazi ya leo, isingoje kesho. Nyuzi za msuli haziachii kwa choo laini. Kinachoziumiza ni choo kigumu na kujikamua. Laktulosi kwa kawaida ni mililita 15 asubuhi na 15 jioni, kwa siku kama 10. Afuate alivyoandikiwa, na akianza kuhara apunguze badala ya kuacha ghafla. Choo kinachotakiwa ni laini kama ndizi iliyoiva sana. Anywe maji lita 2 hadi 3 kwa siku, ale papai, machungwa, mchicha, maharage. Kama anameza vidonge vya kuongeza damu, ajue navyo hufunga choo.

Akienda, achukue pedi safi aikunje, aiweke kwenye msamba kwa mbele na aushikilie kwa kiganja. Asibane pumzi, apumue nje taratibu kama anayepuliza chai. Kuchuchumaa si kosa, mkao wenyewe unanyoosha njia, ila siku hizi atetemeka miguu, kwa hiyo awe na mtu au kitu cha kushika. Kwa choo cha kukaa, aweke kigoda chini ya miguu. Akitawadha, maji ya uvuguvugu kutoka mbele kwenda nyuma, kisha ajikaushe kwa kugusagusa na kitambaa laini kilichoanikwa juani. Pedi abadilishe kila saa 3 au 4, hata kama haijajaa.

Na asitiwe kitu chochote kwa nyuma: si bomba la kusafisha choo, si dawa ya kuingiza.

Dk_Mjini
Naongeza la maumivu maana wengi hukosea. Parasetamoli gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Ibuprofeni miligramu 400 kila saa 8 baada ya kula, kama hana vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala presha ya mimba. Dawa zenye kodeini, na tramado pia, hufunga choo. Ukimpa hizo na laktulosi pamoja unajenga huku unabomoa.

Kukanda: mgongo, mabega na miguu kwa maji ya uvuguvugu hakuna ubaya. Msamba usiguswe. Kumkalisha juu ya mvuke ndiyo hatari hasa, kwa sababu nyama iliyovimba na iliyochanika haihisi joto vizuri. Akija kusema "yanachoma" ngozi keshaungua, na kidonda kilichoungua hufumuka. Akitaka kukaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ni sawa, dakika 10, maji yapimwe kwa kiwiko, beseni lisuguliwe kwanza. Asitie Dettol, wala bizari, wala mafuta ya karafuu. Mafuta ya karafuu ni makali, yanaunguza utando. Kama bado amevimba, barafu ile ya vifuko, ifungwe kwenye kitambaa, dakika 10 kisha itolewe.

Mkaja unaweza kusubiri. Ukikazwa sana, nguvu yote ya tumbo inashuka kwenye nyonga, juu ya mshono. Bibi akitaka kabisa, aufunge kwa kulegeza.

Mwana_Chake
Ahsanteni. Bibi kakubali la mvuke, kwa shingo upande. Dalili gani zitupeleke hospitali kabla ya wiki ya sita?

Dk_Mjini
Homa ya 38 au zaidi, usaha au harufu mbaya, mshono kufunguka, damu inayojaza pedi ndani ya saa moja, mkojo kugoma. Na hii msiione haya kuisema: upepo au choo kutokea ukeni. Hiyo ni alama ya tundu kati ya njia mbili, haizibi kwa kukandwa. Vipande vya uzi kwenye pedi wiki ya pili au ya tatu si shida, nyuzi za juu zinayeyuka. Za msuli hukaa miezi, na fundo lake linaweza kumchomachoma.

Fizio_Unguja
Mazoezi ya misuli ya nyonga anaweza kuanza sasa maadamu mpira wa mkojo umetolewa. Abane kama anayezuia upepo, akiwa amelala ubavu, sekunde 3, aachie kabisa, mara 10, mara tatu kwa siku. Apande taratibu hadi sekunde 10. Asibane makalio wala kuzuia pumzi. Asijaribie kwa kukata mkojo katikati, itamharibia ukojoaji.

Miezi ya mwanzo upepo kumponyoka si ajabu. Waliotengenezewa msuli vizuri, 60 hadi 80 kati ya 100 hawana dalili yoyote ikifika miezi 12. Na arobaini ikifika mume asidhani ruhusa imekuja yenyewe: ile ni hesabu ya nifasi. Kidonda kinakaguliwa kwanza.

Mkunga_Wete
Sasa huyo mdogo mtu. Kuanzia wiki ya 34 au 35 auchue msamba, siku 3 au 4 kwa wiki, dakika 5 hadi 10, baada ya kuoga maji ya moto. Kucha zikatwe, mikono ioshwe, mafuta ya nazi safi. Vidole gumba viingie sentimita 3 hadi 4, avute kuelekea nyuma na pembeni, kama anachora nusu duara, ashikilie dakika moja mpaka ahisi kuwaka kidogo. Kama kondo limekaa chini, anatokwa damu, chupa imepasuka au ana maambukizi, aache. Hii hupunguza kushonwa, khasa kwa uzazi wa kwanza. Haimpi dhamana.

Yanayobaki yako chumba cha kuzalia, na anaweza kuyaomba tangu kliniki. Kitambaa kilichochovywa maji ya moto ya kuvumilika, kikamuliwe, kiwekwe kwenye msamba wakati wa kusukuma. Tafiti zimeonyesha kinapunguza daraja la 3 na la 4. Alale ubavu, si lazima chali. Kichwa kikichomoza, aache kusukuma, ahemehe kama aliyeng'ata pilipili mbuzi, mkunga azuie kichwa kwa mkono mmoja na msamba kwa mwengine. Hapo ndipo ndugu hupiga kelele "sukuma!", na hapo ndipo panapochanika. Kuongezwa njia (kukatwa msamba kwa mkasi) si kwa kila mtu. Ikibidi, mkato uende pembeni, digrii 60 kutoka katikati. Ukishuka wima unaelekea kwenye msuli wenyewe.

Dk_Mjini
Na kabla ya kushonwa, kila aliyechanika akaguliwe kwa kidole nyuma, kwenye mwanga wa kutosha. Msuli uliokatika hujirudi ndani pembeni kama kamba ya suruali iliyoponyoka, ngozi juu yake ukaiona nzima. Wakishona ngozi tu, mama atakuja kulalamika miezi baadaye kuwa hazuii choo. Kama kituo hakina chumba cha upasuaji, damu izuiwe na apelekwe hospitali ya Abdulla Mzee kule Mkoani, Pemba, au popote penye daktari anayeujua mshono huo. Kungoja saa chache hakuharibu.

Mwana_Chake
Na huyu wetu, mimba ijayo itakuwa kwa kisu?

Dk_Mjini
Si lazima. Akizaa kwa njia ya kawaida, hatari ya kuchanika hivyo tena ni kama 5 hadi 7 kati ya 100. Akiwa bado hazuii upepo au choo, hapo upasuaji uzungumzwe. Ile karatasi yenye 3b itunzeni pamoja na kadi yake ya kliniki.